Opereta na Simu Mbili za Kuazima

Kuna hospitali moja kubwa ambayo chumba chake cha mitambo ya simu kiko ghorofa ya chini, katikati ya famasi na stoo ya mashuka. Ukipita mlangoni mwake saa za kazi utasikia sauti nzito ya mwanamume ikisema, "Hospitali, habari yako, nikuunganishe na nani?" Huyo ndiye Opereta. Jina lake la kuzaliwa limebaki kwenye karatasi za mshahara tu. Madaktari, wafagizi, hata mama mkwe wake humwita Opereta, naye huitika kama ndilo alilopewa siku ya kwanza duniani.

Kazi hiyo ameifanya miaka ishirini na sita. Hospitali ina laini za ndani mia tatu na kumi na mbili, na zote anazo kichwani. Surua ilimchukua macho akiwa na miaka tisa, na tangu hapo masikio na vidole vyake vimefanya kazi za watu watatu. Humtambua daktari wa mifupa kwa jinsi anavyovuta pumzi kabla ya kusema halo, na anajua kama muuguzi wa wodi ya watoto amesimama au ameketi. Lakini kilichomfanya avume pale kazini ni udadisi. Ukimpa kitu kipya, hakitumii kwanza. Atakipapasa, atakitikisa, atakigonga kwa ukucha, atakinusa. Mkewe, fundi wa kushona mapazia, hupenda kusimulia kwamba siku Opereta alipokuja kujitambulisha kwao alikagua kiti alichokalishwa kwa muda mrefu hivi kwamba baba mtu akauliza kama mgeni amekuja kuoa au kununua fanicha.

Simu yake ya mkononi ilikuwa ya vitufe, ya miaka kumi na moja. Ile nundu ndogo iliyoko kwenye tano, ambayo wasioona huitumia kujua vidole viko wapi, ilikuwa imelika ikawa laini kabisa, naye akaweka tone la gundi pale, likakauka, mambo yakaendelea. Kisha siku moja, katikati ya wiki, tano ikagoma. Unaibonyeza, kimya. Baada ya tano ikafuata nane, na baada ya nane simu yote ikazima. Fundi wa simu wa mtaani aliifungua, akaipuliza, akaifunga.

"Opereta, hii imestaafu," akamwambia. "Vipuri vyake haviji tena. Sasa hivi watu wote wako kwenye vioo."

Opereta alivisikia vioo kila siku mikononi mwa watu, vikilia, vikitetemeka mezani. Alikuwa amewahi kushika kimoja: bapa, baridi, kimelala kimya kama kigae. Alitelezesha kidole kuanzia juu mpaka chini asikute kona wala shimo. Akajiuliza, mtu huingilia wapi humu?

Habari zilipoenea kwamba Opereta anatafuta simu ya kioo, washauri wakajitokeza wenyewe. Wa kwanza alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi umeme wa hospitali hiyohiyo. Shemeji ni mtu wa tarakimu. Hanunui hata pasi bila kusoma maandishi ya kwenye boksi mara mbili. Yeye ni wa ukoo wa Mwewe, yaani zile simu zinazotengenezwa na kampuni nyingi tofauti lakini ndani zote zinaendeshwa na mfumo mmoja, Mwewe. Wa pili alikuwa dada mmoja wa masijala, anayetunza mafaili ya wagonjwa, mcheshi, msemaji wa haraka, na mtu wa Kito damudamu. Kito hutengenezwa na kampuni moja tu, simu na mfumo wake, na wenye Kito hujuana kama wanachama wa kikundi cha kufa na kuzikana.

Wote wawili walifika chumba cha mitambo saa ya chakula cha mchana, kila mmoja na sahani yake, wakaanza.

"Shem, sikiliza," alisema shemeji. "Kwa Mwewe unapata RAM gigabaiti kumi na mbili. Kumi na mbili! Prosesa yenye viini nane. Betri miliampia elfu tano. Hao wa Kito hata hawakuambii wameweka ngapi. Wanaficha."

"Hawafichi, hazihitajiki," akajibu Dada wa Masijala. "Mimi sijui hata simu yangu ina RAM ngapi, na miaka minne haijanikwama. Wewe yako ina gigabaiti kumi na mbili na juzi nimekuona unaitikisa kama chupa ya dawa."

"Ile ilikuwa mtandao!"

"Kila siku mtandao."

Opereta alikula taratibu, akiwasikiliza. Simu ya mezani ikalia, akamuunganisha mtu na maabara, akarudi. "Nina swali," akasema. "RAM nitaishika wapi?"

Shemeji akacheka. "Haishikiki, shem. Iko ndani."

"Nitajuaje kama ipo?"

Shemeji akakwangua sahani yake. "Utajua," akasema hatimaye, "kwa vile simu inavyokwenda."

"Basi tuanzie hapo," alisema Opereta.

Jumamosi asubuhi wakaenda dukani, yeye, mkewe na shemeji. Muuzaji alinukia manukato na aliongea kama mtu anayesoma orodha ukutani. Alimwekea Opereta simu kiganjani na kumwaga sifa bila kupumua: kioo cha inchi sita nukta saba, rangi bilioni moja, mng'ao unaoshinda jua la mchana.

"Na kamera, mzee wangu, megapikseli mia moja na nane. Inaona hata gizani."

"Gizani kabisa?" aliuliza Opereta.

"Kabisa!"

"Basi hiyo inafaa iajiriwe, nami nikapumzike."

Mkewe aliziba mdomo kwa ukingo wa mtandio. Muuzaji, ambaye hakuwa ameiona fimbo nyeupe iliyoegemea kaunta, aliiona wakati huo, akaikatisha ile orodha. Opereta akamwondolea aibu. "Usijali, ndugu yangu. Nimeambiwa hizi simu zina sauti ya kumsomea mtu. Iwashe, niisikie."

Muuzaji alihangaika kwenye mipangilio, akaipata, akaiwasha. Mara simu ikaanza kusema kila alichokigusa: "Mipangilio. Rudi. Sauti. Imewashwa." Muuzaji akataka kuizima, ikamkatalia. Akigusa mara moja, inasema tu, haifanyi. Akivuta ukurasa, hauvutiki. Jasho likamtoka. Duka zima likageuka kuangalia simu inayobwabwaja, "Kitufe. Kitufe. Gonga mara mbili ili kuwezesha. Kitufe."

"Hebu," alisema Opereta, akanyoosha mkono. Alikuwa ameshaisikia ikijieleza mara sita. Alipitisha kidole kimoja polepole juu ya kioo, na popote kidole kilipofika, simu ilitaja kilichokuwa chini yake. Akarudi nyuma, ikarudia. Alipofika penye neno alilolitaka, akagonga mara mbili haraka. Sauti ikazima.

"Umefanyaje?" aliuliza muuzaji.

"Imeniambia yenyewe," akajibu Opereta, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeonyeshwa mlango katika ukuta alioupapasa kwa miaka. Kumbe kile kigae kilikuwa kimejaa vitu, na kila kimoja kilikuwa na mahali pake! Aliiwasha tena ile sauti, akaizima, akaiwasha, mpaka mkewe akamvuta mkono.

Hawakununua siku hiyo. Opereta alisema hanunui kitu asichokaa nacho. Ikakubaliwa kwamba shemeji atamwazima simu yake ya akiba kwa wiki moja, halafu Dada wa Masijala atamwazima Kito chake kwa wiki nyingine, kisha ataamua.

Wiki ya Mwewe ilianza kwa furaha. Ile simu ilisema Kiswahili. Kilikuwa Kiswahili cha mtu asiye na haraka wala hasira, kama karani anayesoma tangazo, lakini kila neno lilieleweka. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, Opereta alisoma ujumbe wake mwenyewe. Ulikuwa wa kampuni ya maji, ukimjulisha kwamba bomba litafungwa kesho. Aliusikiliza mara nne. Zamani meseji zake zilisomwa na mkewe, au na yeyote aliyekuwa karibu, na alishazoea kujua mambo yake akiwa wa pili.

Siku ya tatu, hata hivyo, alianza kukunja uso. Sikio lake ni la mitambo. Kwake yeye, kati ya kugusa na kujibiwa kuna nafasi, na nafasi ile aliisikia wazi kama unavyosikia hatua ya mtu anayechechemea. Anagusa, simu inasita, ndipo inasema. Tena shemeji alikuwa amechagua simu iliyosheheni kila kitu. Kampuni iliyoitengeneza ilikuwa imeweka duka lake juu ya duka la mfumo, kalenda mbili, saa mbili, na ukurasa wa habari ambao hakuuomba. Akiwa katikati ya kutafuta namba ya dada yake, sauti ilimkatiza: "Hongera! Umechaguliwa kushinda zawadi!" Siku ya tano simu ilijisasisha asubuhi, na kitufe cha kupiga, alichokuwa amekizoea pembeni kushoto, kikahamia katikati.

"Nani kahamisha?" alimuuliza shemeji kwa simu ya mezani.

"Hakuna aliyehamisha, shem. Ni toleo jipya. Limeboreshwa."

"Shemeji, ukirudi kwako ukakuta mlango umehamishiwa kwenye dirisha, utasema nyumba imeboreshwa?"

Kuandika ndiko kulikomtesa zaidi. Herufi kwenye kioo zilikuwa ndogo na zimebanana. Ilimbidi atafute moja moja, asikie jina lake, ainue kidole, atafute nyingine. Ujumbe wa "Nimefika salama" ulimchukua dakika saba. Jioni ya mwisho alimrudishia shemeji simu yake, akashukuru.

"Kwa hiyo?" aliuliza shemeji. "Kasi umeiona?"

"Nimeisikia," alisema Opereta. "Ina nguvu kama lori. Lakini lori hilo linabeba mizigo ya watu wengine kwanza, mimi nasubiri kituoni."

Kito kilipoletwa, Dada wa Masijala alikikabidhi kwa mikono miwili. "Hutarudi ulikotoka, Opereta. Kumbuka maneno yangu."

Kweli, ndani ya saa moja aliona tofauti. Alipogusa, sauti ilikuwa tayari pale kidole kilipo, hakuna kusita. Mahali palipokuwa na kitufe cha kurudi katika ukurasa mmoja, ndipo kilipokuwa katika kurasa zote. Aligundua kwamba angeweza kukifanya kioo kiwe cheusi kabisa huku simu ikifanya kazi, asionekane anachosoma. Dada wa Masijala aliingia akaona simu yake imekufa mikononi mwa mtu, akapiga yowe, na Opereta akacheka mpaka akakosa kumjibu mtu wa dharura aliyekuwa kwenye laini. Mara moja tu. Aliomba radhi.

Ila Kito hakikuwa na sauti ya Kiswahili. Kilikuwa na Kiingereza, Kifaransa na lugha nyingine lukuki, lakini ujumbe wa Kiswahili kilijaribu kuusoma kwa ulimi wa kigeni, na matokeo yalikuwa ya kuvunja mbavu. "Shikamoo" ilitoka kama jina la dawa ya meno. "Asubuhi" ikawa "asabuhai". Mwanzoni Opereta alikuwa akiwaita wenzake waje kusikiliza, wacheke pamoja. Kufikia siku ya pili alikuwa amezoea kiasi cha kuyanyoosha maneno kichwani mwake, kama unavyomwelewa mtoto anayeota meno.

Siku hiyohiyo, akiwa anapekua mipangilio mstari kwa mstari, alisikia maneno mawili yaliyomfanya anyanyuke kitini. Yalikuwa ya Kiingereza, lakini moja alilitambua papo hapo. Breili. Nukta nundu! Akaliwasha. Simu ikamwambia ageuze kioo kisimwelekee yeye, akishike kwa pembeni, aweke vidole sita juu yake. Opereta aliweka vidole. Palepale mikono ikakumbuka. Alijifunza nukta nundu shuleni akiwa na miaka kumi, kwenye mashine nzito ya chuma yenye vitufe sita, kwenye darasa lililonukia karatasi ngumu, na mwalimu akigonga meza kwa kidole ili wote waandike kwa mwendo mmoja. Miaka zaidi ya thelathini hakuwa na sababu ya kuiandika, kwa kuwa nani angeisoma? Sasa aliweka vidole kwa mpangilio wa herufi ya kwanza ya jina la mkewe, na simu ikaitaja. Akaweka ya pili. Ikaitaja. Aliandika jina zima kwa muda wa kupepesa jicho, halafu akaliandika tena, na tena, mara tisa, huku simu ya mezani ikilia bila kupokelewa.

Jioni alimsimulia mkewe kwa mikono zaidi ya maneno. Mkewe alikuwa akifunga pindo la pazia, cherehani imesimama.

"Kwa hiyo nikikuandikia," aliuliza, "utasoma mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Hakuna atakayesikia?"

"Nina kisikilizio cha sikioni. Na kioo nakizima. Hata wewe ukisimama nyuma yangu huoni kitu."

Mkewe akainamia pindo lake. Cherehani ikaendelea.

Kesho yake, saa nne hivi asubuhi, simu ilitetemeka mfukoni kwa Opereta. Ulikuwa ujumbe kutoka kwa mkewe. Walikuwa wameoana miaka ishirini na miwili, na huyo mwanamke hakuwahi kumwandikia hata mstari. Ungesomwa na nani? Opereta aliweka kisikilizio sikioni, akagonga.

Kito kikaanza kuharibu. Alishika "leo", akashika "asabuhai", halafu ikaja fujo ambayo hata kichwa chake kilichozoea hakikuweza kuinyoosha. Akarudia. Fujo ileile. Basi akaamua kuusoma herufi kwa herufi, na kwa kuwa simu ilitaja herufi kwa Kiingereza, en, wai, ou, ei, ilimbidi azigeuze moja moja na kuzipanga kichwani. Katikati akaunganisha simu kumi na nne, akarudi kila mara palepale alipoachia. Ilimchukua karibu dakika arobaini. Alipomaliza, ujumbe ulikuwa huu:

"Leo asubuhi ulivyokuwa unanyoa ndevu huku unaimba, nilisimama mlangoni nikakuangalia. Nilikaa muda. Hukujua."

Opereta aliutoa mkono kwenye mitambo. Laini mbili zililia, akaziacha zilie mara tatu tatu, jambo ambalo kabla ya Kito hakuwahi kulifanya. Halafu akageuza kioo, akaweka vidole sita, akaandika jibu kwa sekunde zisizozidi kumi:

"Nilijua. Mlango ule unalia."

Mkewe alipolipata alicheka peke yake sebuleni mpaka mteja aliyekuja kupima mapazia akamuuliza kulikoni.

Tangu hapo ujumbe ukawa unakwenda na kurudi. Lakini kadiri mkewe alivyoandika mengi, ndivyo Opereta alivyotumia muda mwingi kufumbua. Jioni moja mkewe aliomba asikie simu inavyomsomea maneno yake. Opereta akatoa kisikilizio, akaiachia wazi. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho.

"Ndivyo ninavyosikika kwako?" aliuliza.

"Ni ile simu, mwenzangu. Mimi nakusikia vizuri."

"Maneno niliyoyatafuta asubuhi nzima," akasema, "yanasomwa kama lebo ya sabuni." Hakukasirika, ila alinyanyuka akaenda kukunja vitambaa, na siku iliyofuata hakuandika.

Hapo ndipo Opereta alipokwama kwelikweli. Mfumo mmoja ulimjibu upesi na ukampa vidole vyake vya utotoni, lakini haukujua lugha ya nyumbani kwake. Wa pili uliijua lugha, lakini ulisita, ukamhamishia milango na kumpigia kelele za zawadi. Shemeji alimletea karatasi ya kulinganisha simu kumi na mbili. Dada wa Masijala akamletea maneno matamu. Opereta aliwasikiliza wote wawili kwa adabu, kisha Jumamosi akaomba ruhusa, akarudi dukani na kisikilizio chake mfukoni.

"Niwekee zote za Mwewe hapa kaunta," alimwambia muuzaji, "kuanzia ya bei ya chini. Usinisomee boksi. Washa sauti tu."

Muuzaji sasa alikuwa amejifunza kuwasha na kuzima. Alipanga simu sita. Opereta aliziendea moja moja kama mganga wa meno. Aligusa, akasikiliza. Aligusa haraka mara kumi mfululizo, akasikiliza ni mara ngapi sauti iliachwa nyuma. Wateja wawili waliacha shughuli zao wakasogea. Shemeji, aliyekuja kwa kuhofia Opereta atapigwa bei, alisimama kando akisoma tarakimu kimoyomoyo.

Simu ya tatu ilikuwa nyepesi, ya plastiki, yenye mgongo wa mkwaruzo mkwaruzo. Opereta aligusa na sauti ikajibu palepale. Akarudia. Ikajibu. Akapitisha kidole ukurasa mzima, na alichokikuta kilikuwa kichache: simu, meseji, saa moja, kalenda moja.

"Hii ya nani?"

"Hiyo ni ya kawaida sana, mzee," alisema muuzaji, karibu kwa kuomba msamaha. "Kampuni yake haikuongeza mapambo. Ni Mwewe mtupu, kama ulivyotoka kiwandani."

"Shem, RAM yake ni gigabaiti nne!" shemeji hakuweza kuvumilia. "Nne tu! Hiyo yangu ni mara tatu yake."

"Nasikia, shemeji. Lakini nne hizi zinanisikiliza mimi."

Kisha akaketi kwenye stuli na kuingia kwenye mipangilio. Alishuka nayo mstari kwa mstari, hana haraka, ukurasa ndani ya ukurasa, kama mtu anayepapasa kuta za chumba alichopanga leo. Robo saa ikapita. Muuzaji akahudumia watu wanne. Ghafla Opereta akainua kichwa.

"Shemeji," akaita. "Una miaka mingapi na Mwewe?"

"Tisa."

"Hujawahi kuniambia kwamba ndani kuna kibodi ya nukta nundu."

"Ya nini?" Shemeji alisogea, akaipokea simu, akasoma kwa macho yake. Ilikuwepo. Akachukua simu yake ya bei kali kutoka mfukoni, akafuata njia ileile, akakuta hata yeye anayo. "Haijaandikwa kwenye boksi," akasema kwa sauti ndogo. "Nimeyasoma maboksi yote. Haijaandikwa popote."

Opereta alikuwa ameshageuza kioo na kuweka vidole. Nafasi za vidole zilitofautiana kidogo na zile za Kito, akakosea mara mbili, akarekebisha, akaandika. Kisha akaiamuru simu isome alichoandika, mbele ya duka zima, na ile sauti ya karani asiye na haraka ikasoma kwa Kiswahili safi: "Mwenzangu, nimeipata. Niandikie."

Aliondoka nayo siku hiyohiyo.

Dada wa Masijala aliporudishiwa Kito chake alinuna. "Wiki nzima nimekuazima, Opereta! Nimetembea na simu ya dharura kwa ajili yako! Kito kimekukosea nini?"

"Hakijanikosea kitu, dada yangu. Ningekuwa peke yangu duniani ningekichukua. Kinajua kila kitu isipokuwa kuongea kama mke wangu." Dada wa Masijala alitafakari, akaona hana la kujibu, na kwake hilo ni tukio la kuandikwa. Yeye na shemeji bado hubishana kila mchana. Ila siku hizi shemeji, kabla hajataja tarakimu, huuliza kwanza, "Wewe unaitaka ya kufanyia nini?" na swali hilo humchosha kidogo, kwa sababu jibu lake haliwezi kuwekwa kwenye jedwali.

Habari zikapanda ghorofani. Wauguzi wa kliniki ya macho wakaanza kumteremshia Opereta watu waliopoteza uwezo wa kuona hivi karibuni, wale wanaoshika simu zao za kioo kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake. Saa yake ya chakula ikawa darasa. Wa kwanza alikuwa mshauri wa shule mstaafu, akafuata mama muuza vitambaa. Wa tatu alikuwa dereva wa lori la masafa, mwanamume mpana mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye shinikizo la jicho, ile presha ya macho, lilimpofusha kimyakimya.

Opereta alidhani atauliza kuhusu meseji. Dereva akauliza kuhusu ramani.

"Ramani ya nini?" Opereta akashangaa. "Utaendesha?"

"Mwanangu ndiye anaendesha sasa. Mimi nakaa kiti cha pembeni. Nataka kujua tumefika wapi kabla hajaniambia."

Opereta alikuwa hajawahi kuifungua ramani. Kwa miaka ishirini na sita alitembea kwa njia ileile, nyumbani, kituo, hospitali, hatua mia nne na arobaini kutoka kituoni hadi getini, na haikumpitia akilini kwamba simu ingeweza kumwambia juu ya mahali asipopajua. Akaomba waifungue pamoja. Wakahangaika nayo mpaka mlo ukapoa, vipofu wawili na simu mbili, mmoja akisema "jaribu kugonga hapo" na mwingine akisema "hapo wapi?" Walipofanikiwa, sauti ilitaja barabara iliyo nyuma ya hospitali, ukuta kwa ukuta na chumba walichokaa. Opereta alikuwa hajawahi kusikia jina lake.

Jumamosi iliyofuata alimwomba mkewe watoke. Hakumwambia wanakwenda wapi, kwa kuwa hata yeye hakujua. Walishuka kituoni kama kawaida, lakini walipofika getini, Opereta alikata kushoto, simu mfukoni, kisikilizio sikio moja, mkono mmoja kwenye fimbo na mwingine umeshika kiwiko cha mkewe.

"Unanipeleka wapi wewe?" mkewe alicheka.

"Ngoja. Inasema mita sitini, halafu kulia."

Wakaenda mita sitini, wakakata kulia. Upepo ukabadilika. Palikuwa na harufu ya mbao zilizokatwa sasa hivi, na msumeno ukalia, ukanyamaza. Mtu alikuwa akipiga msasa. Mbele zaidi maji yalichuruzika kwenye beseni la chuma. Opereta alisimama katikati ya barabara ambayo alikuwa ameipa mgongo robo karne, akageuza uso huku na huku.

"Kuna nini hapa?" akauliza. "Niambie kila kitu. Anza na kulia."

Mkewe akaanza na kulia.